Siku Baba Alipoubomoa Ukuta

Nilipokuwa nikipanda ngazi za jengo letu la Kilburn baada ya shule, harufu ya vitunguu vilivyokaangwa pamoja na ndimu kavu ilikuwa ikinipokea hata kabla sijafika orofa ya tatu. Ilitoka kwa Bi Mahnaz, jirani yetu wa mlango wa pili, na ilitembea kwenye veranda ndefu ya saruji iliyopita mbele ya milango yetu sote hadi ikakutana na harufu ya nazi na papa iliyotoka jikoni kwetu. Jumatatu watu walianika nguo kwenye veranda ile ingawa mvua haikukosa siku hiyo. Mzee mmoja wa Kiairishi wa mwisho wa veranda alipiga filimbi kila alipokuwa akitafuta ufunguo wake mifukoni. Nilikuwa na miaka tisa, na jina langu ni Zuwena. Nataka kusimulia majira ya kuchipua ya mwaka ule, kwa sababu katika maisha yangu yote sijapata kuona watu wa nyumba moja wakishinda jambo kubwa namna ile bila ya kupigana wala kugombana.

Baba alikuwa ameondoka Zanzibar akiwa kijana, na kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali ya mtaa. Mama alihudumia wazee majumbani kwao, na zamu zake zilianza alasiri. Babu alipofariki, Baba alihangaika mpaka akamleta mama yake, Bibi Mize, kutoka Makunduchi. Huko kwao Bibi alijulikana kwa miguu yake. Alitembea kwenda harusi za vijiji ambavyo wenzake walisubiri gari kuviendea. Alirudi asubuhi na kwenda pwani kufukua makumbi ya kusokotea kamba. London ilimkalisha kwenye kiti kando ya radieta ya kupashia nyumba joto, soksi juu ya soksi. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa. Siku chache tu baada ya kufika, alifungua mlango akatoka kwenda kuona watu wote wale waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wakienda wapi. Alikata kona moja, akakata ya pili, na nyumba zote za matofali mekundu zikawa sura moja. Mvua ikamkuta. Askari polisi alimwona amekaa kwenye kituo cha basi, ametulia, akisubiri mtu yeyote atakayezungumza lugha ya watu. Wakati huo Baba alikuwa akikimbia mitaani bila koti, akimwita mama yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Aliporudi naye nyumbani, Baba alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake akalia. Kisha akasema, "Mama, niahidi. Usivuke kizingiti hiki bila ya mimi. Nikikupoteza hapa, nitasema nini kwa Mungu?" Bibi alimtazama. Nadhani aliona yale yote ambayo mimi sikuyaona: kijana aliyeondoka nyumbani akamwacha baba yake azikwe na watu wengine. Akamwekea mkono kichwani. "Nimekupa neno langu, mwanangu," akasema. Wahenga walisema ahadi ni deni, na Bibi hakuwa mtu wa kudaiwa. Tangu siku ile hakuvuka kizingiti. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, na wala haikuhitajika.

Jambo lililouma zaidi ni kwamba shoga yake wa utotoni, Bi Riziki, alikuwa London hii hii, Woolwich, upande wa pili wa mji. Walichezwa unyago pamoja, na mmoja alimshikia mwenziwe shela siku ya harusi. Bi Riziki alikuwa amekimbilia Uingereza na wanawe miaka mingi nyuma, na sasa magoti yake yaliharibika, hawezi kupanda ngazi zetu. Ilibidi Bibi amwendee. Baba aliahidi kumpeleka Jumamosi, na Jumamosi ikija anaitwa kazini, au amechoka mpaka analala na viatu. Alimpenda mama yake kwa dhati, jioni alimkanda miguu kwa mafuta ya karafuu na kumwambia, "Wiki ijayo, inshallah." Bibi akaitikia. Lakini nilianza kuona kwamba nyimbo alizokuwa akiziimba huku akichambua mchele alizikatisha katikati, na chakula akikila nusu.

Mimi sikuwa msaada mkubwa. Kiswahili nilikielewa chote, ila mdomo ulikataa. Bibi akiniuliza kwa Kiswahili nimekula nini shule, nilimjibu kwa Kiingereza, naye alitikisa kichwa kwa adabu kana kwamba ameelewa. Mama akiondoka kwenda kazini tulibaki wawili mle ndani mpaka magharibi, yeye na lugha yake, mimi na yangu, tukipendana kwa ishara na vipande vya mkate wa mofa.

Ndipo Bi Mahnaz alipobisha hodi. Alikuwa mjane wa makamo, mshonaji, mwanamke mwenye nyusi nzito na vidole vilivyojaa alama za sindano, na alikuwa akimwona Bibi dirishani kila siku. Alileta bakuli la supu ya dengu na tambi, akaingia, akavua viatu, akaketi mkekani bila kuelekezwa, na jambo hilo peke yake lilimfurahisha Bibi. Kiingereza cha Bi Mahnaz kilikuwa cha kukwaruza, cha Bibi hakikuwapo, basi mkalimani nikawa mimi. Lakini kabla sijafungua kinywa, wao wenyewe walishaanza kuokota maneno. Bibi alionesha vidole vile vya alama za sindano akasema, "Cherehani." Bi Mahnaz akacheka, akasema kwao gurudumu huitwa *charkh*. Bibi akasema bandari, mwenzake akasema *bandar*. Bustani ikawa ni bustani pande zote mbili. Bi Mahnaz alipotaja kwamba anatoka Shiraz, Bibi aliweka bakuli chini.

"Mwambie," akaniambia, "wazee wetu wa Makunduchi husema walitoka huko. Sisi ni Washirazi. Mwambie kachelewa sana kuja kunisalimu."

Nilimwambia. Bi Mahnaz alimshika Bibi mikono yote miwili, na kuanzia hapo akawa anamwita "Bibi jan", yaani Bibi mpenzi, na haikupita alasiri bila yeye kuja.

Machi ilipofika, Bi Mahnaz alimwalika Bibi kwake kusherehekea mwaka mpya wa kwao, Nouruzi. Bibi alifurahi mno kusikia jina hilo, kwa kuwa na sisi tuna Nairuzi yetu ya Mwaka Kogwa, ingawa ya kwetu huja mwezi wa saba. Aliuliza wanapika nini, wanavaa nini, kama wanaume wanapigana kwa migomba kama Makunduchi. Mwishowe akasema hawezi kwenda. "Ni mlango wa pili tu," nikamwambia kwa Kiingereza, na safari hii alielewa kwa kunitazama usoni. "Kizingiti ni kizingiti," akajibu. "Mwanangu hakusema mbali wala karibu." Niliyafasiri maneno hayo kwa shida. Bi Mahnaz hakumlaumu Baba, wala hakubisha. Aliondoka, na baada ya muda akarudi na sherehe yake nzima mikononi: kitambaa cha meza, sahani ya ngano iliyochipua, matufaha, vitunguu thomu, kioo, na samaki wadogo wekundu ndani ya bakuli la maji. Akavipanga vyote sakafuni kwetu. Kisha, tukiwa tunakula wali wake wa mboga na samaki, akasema atatusimulia hadithi ambayo mama yake alimsimulia utotoni.

Ilikuwa hivi. Hapo kale Shiraz palikuwa na mtengenezaji wa marashi aliyefiwa na mkewe, akabakiwa na binti mmoja aitwaye Golnar. Bustani yake ilikuwa na mawaridi ambayo msafiri aliyanusa kabla hajauona mji. Kwa kuwa alishampoteza mmoja aliyempenda, mtu yule aliogopa kumpoteza wa pili, akaizungushia bustani ukuta. Golnar alipokua kufikia bega lake, akauongeza ukuta. Alipoanza kuuliza nje kuna nini, akauongeza tena. Kila jiwe aliliweka kwa mapenzi, na kila jiwe alilibusu. Mwaka wa kwanza bulbul waliacha kuja kuimba, kwa kuwa ukuta ulikuwa mrefu. Mwaka wa pili nyuki wakapotea. Mwaka wa tatu mawaridi yakachanua mekundu, makubwa, mazuri kuliko zamani, lakini marashi yaliyochemshwa kutokana nayo yakawa maji matupu. Baba mtu akalaumu mbolea, akalaumu kisima, akalaumu jua. Ndipo Golnar akachuma waridi moja, akamwekea puani, akamuuliza, "Harufu imekwenda wapi, baba?" Mzee akanusa. Akanusa tena. Kisha akamtazama binti yake, akaona kwamba naye alikuwa mzuri hivyo hivyo, na kimya hivyo hivyo. Akachukua nyundo yake, akaubomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe mpaka jua likazama. Asubuhi Golnar akatoka kupitia pale palipobomolewa, na baba yake hakumuuliza anakwenda wapi. Alikaa juu ya mawe akangoja. Jioni binti akarudi kwa miguu yake, nywele zimejaa vumbi, akisimulia mto na soko na watu aliowaona, na nyuma yake wakaja nyuki. Bi Mahnaz alimaliza kwa maneno haya: ndege wa kwenye kizimba humjui kama anakupenda, anayerudi mwenyewe ndiye unayemjua.

Mimi nilisikiliza kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, na nilipogeuka nikamwona Bibi ananingoja. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Basi nikaanza kwa Kiswahili, na ilikuwa kama kupita gizani kwenye nyumba niijuayo: nilijua kila kitu kilipo lakini nilijigonga. Sikujua neno la bulbul, na Bibi akacheka akaniambia ni bulbul. Nyuki nilimwita "nzi wa asali". Ukuta niliuchora hewani. Bibi hakunicheka kwa kunidharau hata mara moja, alinipa neno, akangoja nilirudie, akasema, "Endelea." Nilipomaliza akasema, "Simulia tena." Kesho yake akasema hivyo hivyo, na kesho kutwa. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki zilivyopita, nilikuja kugundua kwamba nilikuwa nikimwomba chumvi kwa Kiswahili, nikimlalamikia mwalimu wangu kwa Kiswahili, nikigombana naye kwa Kiswahili kuhusu kuoga. Bibi alianza kula tena sahani nzima, nafikiri kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Lakini kila nilipofika pale Golnar anapouliza harufu imekwenda wapi, aligeuza uso akatazama dirishani. Siku moja niliyafuata macho yake. Alikuwa akilitazama basi jekundu likipita chini barabarani, mpaka likapotea. Hapo nikaielewa hadithi.

Idi Kubwa ilipokaribia, watu wetu walikodi ukumbi Tottenham kama desturi yao, na watoto wakaombwa kuandaa kitu. Wengine walichagua kasida. Nilimwambia Baba nitasimulia hadithi. Aliniuliza kwa upole, "Kwa Kiswahili, Zuwena? Mbele ya watu?" Aliogopa nitaaibika, naye alikuwa mtu wa kuwaogopea wote aliowapenda. Nikamjibu, "Kwa Kiswahili, Baba," na akashangaa, kwa kuwa alikuwa akirudi nyumbani nimeshalala nusu na hakujua nimefika wapi.

Ukumbi ulijaa kanga na kofia, biriani na makelele ya watoto. Bibi aliketi mstari wa mbele baina ya Baba na Mama, na Bi Mahnaz kando yao na kilemba cha hariri, mgeni wetu. Nilipanda jukwaani. Nikasema, "Paukwa," na ukumbi mzima ukaitika, "Pakawa." Sauti ile ilinisimamisha. Nikaanza. Niliwasimulia marashi, nikawasimulia ukuta na mawe yaliyobusiwa. Niliona wanawake wakiacha kusengenya. Wazee waliokuwa wakizungumza siasa nyuma kabisa wakanyamaza, kwa sababu wengi wao walitoka kwao kwa kukimbia, na wanajua kizuizi ni nini. Golnar akachuma waridi. Baba yake akanusa. Akachukua nyundo. Na hapo neno likanitoka kichwani. Nilisimama mbele ya watu wote wale, mkono juu, nimeshika nyundo isiyokuwapo, na neno halipo. Nilimtazama Bibi. Alilijua, alinifunza mwenyewe, lakini alifunga midomo yake na kunitazama tu kwa utulivu. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, ya chini, iliyokwaruza kidogo.

"Akaubomoa," alisema Baba.

Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, macho hayaniangalii mimi bali yako chini kwenye viatu vya mama yake, viatu vipya alivyomnunulia na ambavyo soli zake zilikuwa bado safi. "Akaubomoa," nikarudia kwa nguvu, "kwa mikono yake mwenyewe, mpaka jua likazama." Nikamaliza hadithi bila kujikwaa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Bi Mahnaz, ambaye hakuelewa hata sentensi moja lakini aliijua hadithi yote, alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilishuka nikahisi nimekuwa mrefu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Baba alisimama mbele ya kiti cha Bibi akiwa amevaa koti. "Mama," akasema, "lile neno ulilonipa, nakurudishia. Nilikufunga, na nilidhani nakulinda. Ila nipe ruhusa nikuoneshe njia kwanza."

Bibi akasema, "Nimekupa. Na ruhusa ya kuogopa nimekupa pia. Ila uogope ukiwa umekaa."

Kuanzia Jumamosi ile Baba alikataa kuitwa kazini. Waliondoka pamoja asubuhi na mara nyingine walinichukua. Bibi hakujifunza majina ya vituo. Alijifunza njia kama alivyojifunza njia za mawe na vichaka vya kwao. Palipo na sanamu ya mtu juu ya farasi, hapo unashuka, unavuka, unangoja basi lenye tano na tatu. Ukivuka mto bado. Ukiona soko na unasikia Kiyoruba na Kisomali, hapo umefika. Safari ya mwisho ya mafunzo Baba alikaa viti viwili nyuma yake, amejificha kwa gazeti, ili aone kama ataweza peke yake. Bibi alimgeukia mama wa Kijamaika aliyekaa kando yake akamweleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha basi zima, kwamba yule mwenye gazeti ni mwanawe na kwamba gazeti amelishika juu chini. Yule mama alicheka kana kwamba ameelewa kila neno.

Halafu ikaja siku yenyewe. Bibi alivaa buibui lake na koti la sufu juu yake, akanibusu, akasimama mlangoni. Hakuvuka haraka. Aliangalia chini, akasema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia. Sote tulitoka kwenye veranda kumtazama akishuka, akitokeza chini, akivuka barabara pale pa kuvukia, akapanda basi. Baba alishika ukuta wa veranda kwa mikono miwili lakini hakumfuata. Aliingia ndani, akaketi karibu na simu, akaogopa akiwa amekaa, kama alivyoruhusiwa. Chai ilipoa mbele yake, nyingine ikapoa. Simu ilipolia aliidaka kabla ya mlio wa pili. Ilikuwa sauti ya Bi Riziki, na nyuma yake wanawake wawili, au labda ni mmoja mwenye furaha ya wawili, wakiimba wimbo wa harusi ambao Bibi alikuwa akiukatisha jikoni kwetu. Safari hii uliimbwa mpaka mwisho. Baba aliweka simu kifuani akafumba macho, akatabasamu kama mtoto.

Bibi alirudi alasiri jua likiwa bado lipo, kifurushi cha muhogo na kisamvu cha soko la Woolwich begani. Alipotokeza kwenye veranda alitembea katikati yake, si kando ya ukuta. Mzee wa Kiairishi aliacha kutafuta ufunguo akavua kofia. Bi Mahnaz alisimama mlangoni kwake, akachezesha ulimi akapiga kigelegele cha Shiraz, na Bibi papo hapo akamjibu kwa cha Makunduchi, mpaka madirisha ya jengo zima yakafunguka.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na alikwenda kote. Wageni waliotoka Zanzibar waliletwa kwake ili awafunze mabasi. Alimchukua Bi Mahnaz hadi Woolwich, na wale wanawake watatu walikaa sebuleni wakifundishana mapishi kwa lugha waliyoitengeneza wenyewe. Alipofariki, wasimuliaji wa safari zake kwenye matanga walikuwa wengi kuliko viti. Baba alianza kuzungumza nami kwa Kiswahili, na mpaka leo hajaacha.

Sasa mimi nina binti wa miaka kumi na mmoja, nami naishi si mbali na Kilburn ile, ingawa jengo letu lilivunjwa na pamejengwa jingine la vioo lisilo na veranda ya pamoja, na majirani wanajuana kwa vifurushi vinavyopotea. Zamani ukimruhusu mtu aende, ulikaa karibu na simu ukangoja. Siku hizi simu yenyewe inakuonesha kitone cha buluu kikitembea kwenye ramani, na wazazi wenzangu wanashangaa nikisema sikiangalii. Wanaona mimi ni jasiri au mzembe. Si lolote kati ya hayo. Naogopa kama Baba alivyoogopa. Dunia haijawa salama zaidi, na upendo haujajifunza kulala usingizi. Ila mimi nimebahatika kuona kwa macho yangu mtu anayependa akifungua mkono wake, na niliona kilichorudi. Watoto wengi wa siku hizi wamepewa kila kitu isipokuwa mkono huo uliofunguliwa. Septemba iliyopita binti yangu alianza shule ya sekondari, na asubuhi ya kwanza alitaka kwenda na basi peke yake. Nilitaka kumfunga zipu ya koti, akanikataza. "Haya, Mama, nakwenda," akasema, kwa Kiswahili, na akavuka mlango. Nilisimama dirishani mpaka alipopanda. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na sijapata kumwona mtoto aliyetembea vizuri namna ile.